Ufilipino: Mgonjwa Mmoja, Wenye Hospitali Watatu

Mwaka 1991, miaka 5 baada ya utawala wa Ferdinand Marcos kuanguka, Ufilipino ilitunga Sheria ya Serikali za Mitaa, na sehemu kubwa ya huduma za afya ikatoka mikononi mwa Manila. Vituo vya afya vilikabidhiwa manispaa, hospitali za majimbo na wilaya zikakabidhiwa magavana, na Wizara ya Afya ikabaki na hospitali za kanda na za ubingwa. Nia ilikuwa njema: nchi yenye visiwa zaidi ya 7,600 haiwezi kutibiwa kutoka meza moja ya makao makuu.

Lakini mgonjwa hagawanyiki kama ofisi. Mama anayepatwa na kifafa cha mimba katika barangay, ngazi ya chini kabisa ya utawala, huanzia kwa mkunga wa manispaa, hupelekwa hospitali ya jimbo, na hali ikizidi hupelekwa hospitali ya kanda. Katika safari hiyo moja amepita chini ya bajeti 3 na wakubwa 3. Wawili kati yao, meya na gavana, hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 3. Mkunga akikosa sindano ya magnesiamu salfeti, au gari la wagonjwa likikosa mafuta, ubingwa unaomsubiri mama huyo mwisho wa safari haumfai kitu.

Sheria ya Huduma ya Afya kwa Wote, iliyotiwa saini Februari 2019, iliutambua ufa huo. Ilimwingiza kila Mfilipino moja kwa moja katika bima ya taifa, PhilHealth, tena ikaelekeza huduma za manispaa ziunganishwe katika mtandao mmoja wa jimbo wenye Mfuko Maalumu wa Afya. Hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Kwa sababu hiyo, tangazo la Rais Ferdinand Marcos Jr. la Julai 2025, kwamba wagonjwa wa wodi za kawaida katika hospitali za Wizara hawatadaiwa chochote, lastahili kupokelewa kwa shukrani na kwa tahadhari. Ni nafuu kubwa kwa familia inayokopa ili kumtoa mgonjwa wake hospitalini. Hata hivyo, msamaha unaofuata mwenye hospitali badala ya kumfuata mgonjwa huwafundisha watu kuipita hospitali ya jimbo iliyo karibu nao. Wodi za kanda hufurika, za majimbo hudhoofika, na mwenye dharura hupoteza saa zake njiani. Isitoshe, bajeti ya taifa ya mwaka huohuo haikuitengea PhilHealth ruzuku yoyote, ilhali ndiyo chombo kinachoweza kumlipia mgonjwa popote alipolazwa.

Wapo wanaotaka hospitali zote zirudishwe Manila. Wanasahau kwamba gavana aliye jirani huulizwa na wananchi kuhusu daktari asiyeonekana kazini, na ofisa wa mbali haulizwi. Hakuna haja ya kubadilisha wenye hospitali. Fedha ndizo zimfuate mgonjwa: msamaha ufike hospitali za majimbo, PhilHealth ipewe ruzuku yake, na kila mtandao wa jimbo upimwe kwa swali moja: mama yule alifika hospitali akiwa hai?