Kupiga Picha: Uso Upewe Mwanga

Siku hizi katika nyumba nyingi za vijiji vyetu vya Singida imo simu yenye kamera. Kazi iliyokuwa ya fundi mmoja wa mjini, sasa aweza kuifanya kijana yeyote. Harusi hupigwa picha, Komunyo ya kwanza hupigwa picha, hata mbuzi aliyezaa mapacha hupigwa picha. Lakini hebu fungua simu utazame. Waona mbingu nyeupe, gauni jeupe linalong'aa, na juu ya gauni uso mweusi usio na macho wala mdomo. Mama asema, "Huyu ni mtoto wangu." Twamsadiki kwa kuwa yeye ndiye mama, lakini picha yenyewe haisemi kitu.

Jambo hili si dogo. Msiba unapotokea, watu hutafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Hupekuliwa simu zote za ukoo, na mara nyingi mwisho huchukuliwa ile picha ndogo ya kitambulisho, ikakuzwa mpaka uso ukawa kama ukungu. Bibi aliyelea watoto, wajukuu na vitukuu, akabaki na sura hiyo moja tu! Wale watakaozaliwa baadaye watamjua kwa picha hiyo. Basi yafaa tujifunze kupiga picha vizuri wakati wazee wetu wangali wameketi nasi barazani.

Kamera haioni kama jicho

Jicho la mtu ni la ajabu. Likitazama mtu aliyesimama mlangoni, laona uso wake gizani na laona pia uwanja wenye jua nyuma yake. Kamera haiwezi hivyo. Yenyewe huchagua kiasi kimoja tu cha mwanga kwa picha nzima. Ikichagua kiasi cha kuufaa uwanja, uso huwa mweusi. Ikichagua kiasi cha kuufaa uso, uwanja huwa mweupe kabisa. Simu mpya hujaribu kuunganisha vipimo viwili au vitatu, lakini hata hizo zina mipaka.

Tena kamera ina desturi moja ya kijinga. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya katikati, si cheupe wala si cheusi, kama kijivu cha mawe yetu ya Singida. Ukiielekeza kwenye gauni jeupe la Komunyo na ukuta uliopakwa chokaa, yasema moyoni, "Mwanga umezidi," nayo hupunguza. Gauni huwa la kijivu, na uso wa mtoto huzama gizani. Ndiyo sababu siku ambayo mtoto amependeza kuliko siku zote ndiyo siku anayotoka vibaya.

Wengine husema, "Sisi weusi hatutoki vizuri katika picha." Maneno hayo si kweli, wala usikubali watoto wako wayasikie. Rangi yetu haina kosa lolote. Kosa ni la kipimo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapa wasafishaji wa picha kadi ya kupimia rangi, iliyoitwa Shirley, nayo ilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Rangi za picha zilisawazishwa kwa kufuata ngozi yake. Weusi wakitoka kama kivuli, hapakuwa na kadi ya kuwasaidia. Ilichukua muda mrefu mpaka miaka ya 1990 zilipoonekana kadi za Kodak zenye watu wa rangi mbalimbali. Hata mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba imerekebisha kamera za simu zake ili zionyeshe ngozi nyeusi kama ilivyo. Basi waona kwamba wenyewe walikuwa wakijua tatizo liko upande gani.

Jua letu na saa zake

Singida iko karibu digrii 5 kusini ya ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita juu ya utosi wetu, na miezi mingine halikai mbali sana na hapo. Jua la utosini ni adui wa uso. Huangaza paji na pua, na macho huyafanya mashimo mawili.

Wengi hudhani jua hufika kileleni saa sita kamili. Kwetu sivyo. Saa ya Tanzania hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, nayo Singida iko karibu na digrii 35. Kila digrii moja ni dakika 4 za jua. Basi hapa kwetu jua hufika juu kabisa karibu na saa saba kasorobo. Kumbuka hilo unapopanga sherehe. Ukiacha kupiga picha saa sita, ukala chakula, kisha ukawaita watu saa saba na nusu, umekimbia moto ukaingia katika moto.

Saa njema ni mbili: asubuhi mpaka kama saa tatu, na jioni tangu saa kumi na moja mpaka jua linapotua. Hapo mwanga huja kwa ubavu, nao ni laini. Lakini jioni usichelewe, maana kwetu giza huingia upesi.

Labda utasema, "Misa ya Komunyo ya kwanza hutoka saa tano, nasi hatuwezi kumngoja jua." Ni kweli. Basi tafuta kivuli. Kivuli kizuri ni kile cha wazi, yaani ubavu wa kanisa au wa nyumba, mahali jua halifiki lakini mbingu yaonekana. Au msimamishe mtu chini ya baraza, uso wake uelekee nje. Kivuli cha mti uwe na hadhari nacho. Mwembe wenye majani mengi wafaa, lakini mti wenye majani haba hupenyeza madoa ya jua, na watu wakatoka kama chui.

Mahali pazuri kuliko pote pengine ni nyumba ya tembe ya bibi mwenyewe. Chagua mlango ambao jua haliingii moja kwa moja. Mweke bibi kwenye kigoda, ndani kidogo ya kizingiti, atazame nje. Wewe simama nje, kando kidogo ili usimzibie mwanga. Mwanga wa uwanja utaingia mlangoni na kumwangukia usoni taratibu, na nyuma yake patakuwa na giza lililotulia. Kila mkunjo wa uso wake utaonekana. Mafundi wa mijini hununua taa za gharama ili wapate mwanga wa namna hiyo. Wewe unao bure.

Iwapo upande mmoja wa uso u gizani mno, mwambie mtoto ashike shuka nyeupe karibu na upande huo. Shuka hurudisha mwanga. Ukuta wa chokaa nao hufanya kazi ile ile.

Neno jingine juu ya jua. Wazee walifundishwa kwamba mpiga picha sharti alipe jua mgongo. Shauri hilo lilifaa kwa kamera za sanduku kama Brownie, iliyoanza kuuzwa mwaka 1900, kwa kuwa zilihitaji mwanga mwingi. Lakini anayepigwa picha hutazama jua, naye hukunja uso na kufumba macho. Simu ya leo haihitaji jua kali namna hiyo.

Kiasi cha mwanga

Fikiri juu ya kujaza ndoo bombani. Waweza kufungua koki sana kwa muda mfupi, au kidogo kwa muda mrefu. Tena ndoo kubwa huchelewa kujaa, na ndogo hujaa upesi. Kamera ni vivyo hivyo. Koki ni tundu la lenzi. Muda ni ule mlango wa kamera unapokuwa wazi. Ukubwa wa ndoo ni wepesi wa filamu: yenye namba 100 ni ndoo kubwa, yenye 400 ni ndogo, hujaa kwa mwanga wa robo tu.

Wenye kamera za filamu walikuwa na kanuni ya kukariri. Kwa filamu ya 100, kwenye jua kali, weka tundu 16 na muda wa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Katika kivuli cha wazi, fungua mpaka 5.6. Hapa namba ndogo ni tundu kubwa, na tofauti hiyo ni mwanga mara 8. Jicho letu haliioni tofauti hiyo, lakini kamera yaiona.

Kwenye simu kazi ni rahisi. Kwanza futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa maana vumbi letu na mafuta ya vidole huharibu picha nyingi. Pili, gusa kwa kidole uso wa mtu kwenye kioo cha simu. Kwa kufanya hivyo umeiambia kamera, "Pima hapa, si kwenye gauni." Katika simu nyingi hutokea alama ya jua. Ivute juu kuongeza mwanga, au chini kupunguza. Tazama uso tu. Mbingu ikiwa nyeupe, iache. Hakuna atakayeuliza habari za mbingu. Tatu, mahali penye mwanga hafifu mlango wa kamera hukaa wazi zaidi, basi egemeza viwiko ukutani usitikisike.

Kuipanga picha

Sogea karibu. Wengi husimama mbali wakitaka kuonyesha viatu, kanisa na mnara wa kengele, na mtu akawa kama punje ya mtama. Usikuze kwa vidole, maana picha hufifia. Tembea kwa miguu yako. Lakini usisogee mno, kwani simu ikiwa karibu sana huikuza pua. Hatua mbili au tatu zatosha.

Tazama nyuma ya mtu. Kuna nguzo inayomwota kichwani? Kuna kamba ya nguo? Msogeze hatua moja, na yote yataondoka. Mtoto mpige ukiwa umechuchumaa, macho yako sawasawa na yake. Kundi la watu lipange kwa mistari, wafupi na wazee waketi mbele, na kila mmoja aione lenzi, kwa maana asiyeiona lenzi, lenzi nayo haimwoni. Piga mara tatu, kwani katika watu kumi mmoja hukosi kumkuta amefumba macho.

Wala usidharau simu yako kwa kuwa ni ya bei ndogo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza ujana wake na kamera ya sanduku. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu kutoa msaada. Hakungoja kamera ya thamani ndipo ajifunze kutazama.

La mwisho ni hili. Picha iliyomo simuni hupotea pamoja na simu. Ile iliyo bora ichapishwe mjini, na nyuma yake uandike kwa penseli jina la mtu, kijiji na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sura ya mtu ni mali kuliko ng'ombe.

Basi juma hili usipige picha kumi. Piga moja tu. Mtafute aliye mzee kuliko wote nyumbani kwako, mwambie avae nguo anayoipenda, umweke mlangoni saa kumi na moja jioni. Gusa uso wake kwenye kioo, mwache amalize hadithi anayoisimulia, kisha bonyeza. Halafu mwonyeshe. Yeye mwenyewe atakuambia kama umejifunza.