Mgeni Anayefanana na Mwenyeji

Mwanafunzi wa Tabora asomaye habari za mwani huenda akadhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa pwani tu. Lakini mji wake umejaa miembe, na asili ya mwembe ni Asia; uliingia Unyanyembe kwa njia ya misafara ya pwani. Mti huo haukuyamaliza miombo. Tumbaku, mgeni mwingine, imeyapunguza sana kwa kuni za kuikaushia. Basi ugeni peke yake si kosa. La kuuliza ni kwamba mgeni amechukua nafasi ya nani.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianzishwa Unguja kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wakulima, wengi wao wanawake, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti, aghalabu juu ya nyasi za baharini. Nyasi hizo si mwani. Zina mizizi na maua, na huishi kwa nuru ya jua. (Mwalimu wa bara aweza kulionyesha jambo hili kwa kutandaza gunia juu ya majani ya uwanja wa shule kwa majuma mawili.) Watafiti katika Ghuba ya Chwaka walikuta chini ya mashamba nyasi haba na wanyama wadogo wa sakafuni wachache kuliko pasipolimwa. Wanyama hao ni chakula cha samaki.

Dhara hilo laonekana, na dawa yake yajulikana: kamba zihamishiwe kwenye mchanga mtupu. Gumu ni lile lisiloonekana. Mwani uitwao Eucheuma denticulatum ulikuwapo pwani yetu tangu zamani, na ule wa Asia ni wa spishi hiyo hiyo. Vipande hukatika, huchukuliwa na maji, na kuota kwingine. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, hata katika mwani unaoota wenyewe, aina ya Asia imeenea sana na kuisukuma kando ile ya asili. Mvuvi hawezi kuzitofautisha kwa macho, wala profesa.

Mwembe hukatwa kwa shoka. Mwani uliokwisha kutawanyika baharini hakuna awezaye kuuokota wote. Hata hivyo, kwa kuwa joto la maji linaua mwani wa kotoni mashambani, wapo wanaotaka iletwe mbegu nyingine ya kigeni. Hapana budi mbegu hiyo itafutwe kwanza katika mwani wa asili uliosalia, kabla nao haujatoweka.