Kijiji cha Rubona chatufunza: nyumba kwanza, darasa baadaye

TUNAPOJADILI shule za sekondari katika ukanda wetu huu, mazungumzo huishia kwenye karo, matokeo ya mitihani na upungufu wa madawati. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza mwanafunzi wa bweni anakula na nani, analala karibu na nani, na ni mtu mzima gani anayejua kwamba jana usiku hakupata usingizi. Leo ningependa tuvuke mpaka hadi Rwanda, ambako kuna shule moja ndogo iliyoanza na maswali hayo kabla ya kufika kwenye hesabu na kemia.

Shule hiyo imo ndani ya kijiji cha vijana kiitwacho Agahozo-Shalom, kilichoko Rubona, wilayani Rwamagana, katika Mkoa wa Mashariki. Jina lake limeunganisha lugha mbili. Agahozo, kwa Kinyarwanda, ni mahali machozi yanapofutwa. Shalom, kwa Kiebrania, ni amani. Kijiji kilifunguliwa Desemba 2008 na huwa na vijana wapatao 500. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na shule zetu nyingi, ambako dahiri moja peke yake inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko hao.

Mwanzilishi wake alikuwa Anne Heyman, mwanasheria mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi Marekani. Mwaka 2005 alisikia habari za yatima wa Rwanda. Makadirio yaliyotajwa sana wakati huo yalikuwa yatima milioni 1.2 katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni 10. Heyman aliifikiria Israel, ambako vijiji vya vijana viliwapokea watoto waliopoteza wazazi katika mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kimojawapo, Yemin Orde, kilichoanzishwa mwaka 1953 karibu na Haifa na ambacho baadaye kiliwalea vijana wengi wa Kiyahudi kutoka Ethiopia, ndicho kilichokuwa kielelezo cha Rubona. Heyman alifariki dunia mwaka 2014 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi huko Florida, lakini kijiji hakikufa naye.

Sasa tutazame maisha yenyewe. Kijana anayeingia hapo hapangiwi bweni, bali hupewa familia. Anaishi katika nyumba pamoja na vijana wa rika lake chini ya mama mmoja, na familia hiyo hubaki pamoja miaka yote minne. Wengi wa akina mama wa mwanzo walikuwa wanawake waliopoteza waume au watoto wao mwaka 1994. Jioni kuna saa ya familia: vitabu huwekwa kando, na kila mtu husema siku yake ilivyokwenda. Chakula huliwa katika ukumbi mmoja, lakini kila familia huketi pamoja.

Ijumaa jioni kijiji kizima hukusanyika, vijana wakaimba, wakacheza ngoma na kusoma mashairi yao. Jumamosi asubuhi wote hukimbia pamoja wakiimba, na zoezi hilo huitwa mucakamucaka. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja. Tanzania ni mchakamchaka wa wanafunzi alfajiri. Hapa Uganda, chakamchaka hutukumbusha mafunzo ya siasa na bunduki ya Kyankwanzi. Rubona hakuna bunduki. Wanakimbia wanafunzi, walimu, akina mama na wageni.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Elimu ya juu ya sekondari nchini Rwanda ni ya miaka mitatu, lakini Rubona ni minne. Mwaka wa kwanza ni wa kujijenga: kuziba mapengo ya masomo, kukazia Kiingereza na kuzoea kuishi na watu. Tusisahau kwamba Oktoba 2008, miezi miwili tu kabla ya kijiji kufunguliwa, serikali ya Rwanda ilikuwa imeamua kuhamisha ufundishaji kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mtoto aliyekuwa amepoteza wazazi, na sasa akapoteza hata lugha ya darasani, hakuambiwa akimbie ili awafikie wenzake. Alipewa mwaka.

Falsafa ya kijiji ina hatua mbili, zilizochukuliwa kutoka mapokeo ya Kiyahudi: kwanza kutengeneza moyo, kisha kutengeneza dunia. Hatua ya pili si maneno matupu. Vijana hutoka kwenda kuwatumikia majirani wa Rubona, wakafundisha watoto wa shule za msingi na kusaidia kujenga nyumba za wasiojiweza. Aliyezoea kupokea misaada hugundua kwamba naye ana cha kutoa. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini kwa mtoto aliyenyang'anywa mama mwaka 1994, ulimwengu uliobaki kumfunza ndio huohuo uliomnyang'anya. Ilibidi kwanza apatikane mtu wa kumwita mama.

Je, mambo yote ni mazuri? La hasha. Kuna maswali matatu ambayo mtu mwadilifu hawezi kuyakwepa.

La kwanza ni la wakati. Aliyezaliwa mwaka 1994 alikuwa na miaka 14 kijiji kilipofunguliwa, na miaka michache baadaye alikuwa amepita umri wa sekondari. Kwa hiyo yatima wa mauaji ya kimbari walimaliza zamu yao. Walioingia nyuma yao ni watoto wa umaskini, wa maradhi, na wa familia zilizovunjika. Kijiji kingeweza kufungwa kwa heshima. Hakikufungwa, na nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu upweke wa mtoto hauulizi mzazi alikufa mwaka gani.

La pili ni la sera. Mwaka 2012 Rwanda ilianza mpango wa kuvifunga vituo vya yatima na kuwarudisha watoto katika familia, zikiwamo za kambo. Hoja yake ni nzito: mtoto hukua vizuri zaidi nyumbani kuliko katika taasisi. Wapo watakaosema kijiji cha Rubona ni taasisi tu iliyovishwa nguo za familia. Mimi naona kuna tofauti. Mtoto mchanga anahitaji nyumba ya kukulia. Kijana wa miaka 16 anahitaji shule, na katika nchi zetu shule mara nyingi ni ya bweni. Ikiwa lazima alale mbali na kwao, ni heri alale mahali ambapo yupo anayemjua.

La tatu ni la fedha, na hapa hakuna jibu rahisi. Kukijenga kijiji kulihitaji mamilioni ya dola ya wafadhili. Kweli, kimejitahidi kujitafutia. Sehemu ya ardhi yake ilikodishwa kwa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 8.5, uliounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2014. Ukitazamwa kutoka angani, mtambo huo una umbo la ramani ya Afrika, na kodi yake husaidia kulipia gharama za kijiji. Hata hivyo, hakuna serikali katika ukanda huu inayoweza kumjengea kila mwanafunzi wa sekondari kijiji cha namna hiyo. Anayetuambia tukiige kizima kizima anatudanganya.

Lakini je, hakuna tunachoweza kuchukua?

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu kuliko huo. Wanafunzi waliporudi, walipandishwa darasa kwa pamoja na kupewa mtaala uliofupishwa. Baadhi walikuwa wamefiwa, wengine walikuwa wamefanya kazi mashambani na sokoni, na wasichana kadhaa walikuwa wameshakuwa mama. Tuliwaambia wafungue ukurasa unaofuata. Rubona wangeanza kwa kuuliza habari za nyumbani.

Au tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2001 moto katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67, na wanafunzi wawili walishtakiwa kwa kuuwasha. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 za nchi hiyo zilikumbwa na visa vya moto. Kila mara zikaundwa tume, na mapendekezo yakawa yaleyale: ondoeni vyuma madirishani, pimeni nafasi kati ya vitanda. Yote hayo ni ya lazima. Lakini dirisha lisilo na vyuma halimjui mwanafunzi aliyekata tamaa.

Mimi mwenyewe nilisoma shule ya bweni. Tulikuwa wavulana zaidi ya 80 katika jengo moja, na mtu mzima tuliyemwona usiku alikuwa askari wa zamu aliyekuja kuhesabu vichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi aliyopewa ilikuwa ni kuhesabu.

Kinachoweza kuigwa kutoka Rubona bila dola ya mfadhili ni mpangilio. Bweni la watu 80 linaweza kugawanywa katika makundi madogo ya kudumu, yasiyobadilishwa kila muhula. Kila kundi likapewa mtu mzima mmoja, awe mwalimu, matroni au mama wa jirani anayelipwa posho. Nusu saa ya kila jioni ikatengwa kwa mazungumzo na wala si kwa mazoezi ya mtihani. Anayeingia akiwa nyuma akapewa muda wa kufikia wenzake kabla ya kuhukumiwa kwa alama. Haya hayahitaji majengo mapya. Yanahitaji wizara ikubali kwamba kulea ni kazi, iwe na mshahara wake na mkaguzi wake kama somo lingine lolote.

Najua wapo walimu wakuu watakaouliza muda huo utatoka wapi, na walimu watakaouliza posho itatoka wapi. Ni maswali halali. Mimi nami nawauliza: tunatumia kiasi gani kujenga upya mabweni yaliyoteketea, na wazazi waliozika wamelipwa nini? Wizara zetu hupeleka wajumbe Kigali kila mara kuona barabara safi na mifumo ya kompyuta. Safari ijayo msafara uelekee pia Rwamagana, na waliomo wabaki hadi jioni, saa ambayo akina mama huketi na watoto wao. Bajeti ya elimu itakaposomwa, tutajua kama waliona kitu.