Ukimpeleka kijana kliniki ya akili, usitoke bila kuuliza

Wazazi wengi wenye kijana anayeumwa akili hospitali walikwenda. Walikaa foleni tangu asubuhi, wakaandikiwa dawa, wakarudi nyumbani bila kuelezwa mtoto wao anaumwa nini. Siku ya tatu shingo ya kijana ikapinda, ulimi ukawa mzito, mate yakamtoka. Familia ikasema dawa hizi zitamuua. Zikatupwa, na safari ya kwa waganga ikaanza.

Hapo mama hana lawama. Baadhi ya dawa hizi, kama haloperidoli, huweza kukaza misuli siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume. Hali hiyo inatibika: mrudishe hospitali siku hiyo hiyo, atapewa dawa ya kulegeza misuli au kubadilishiwa kipimo. Sisi matabibu tunaoandika dawa bila kulisema hili tunaacha amana njiani.

Kwa hiyo, mzazi, una haki ya kuuliza kabla ya kuinuka kitini. Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa itaanza kusaidia lini, na ataitumia muda gani? Dalili zipi zikitokea turudi haraka? Ramadhani atameza saa ngapi, na je, anaweza kufunga?

Uliza hayo kwa sababu sauti anazozisikia peke yake hazinyamazi kwa siku mbili. Huchukua wiki kadhaa, na hata akipata nafuu dawa huendelea kwa mwaka au zaidi. Wengi huziacha wanapomuona anacheka na wenzake, kisha maradhi yanarudi.

Wapo wanaodhani hospitali ni upungufu wa imani. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu chenye sehemu mbili: afya ya mwili na afya ya nafsi. Basi kisomo kiendelee, na vidonge viendelee. Lakini kumfunga kijana kamba, kumchapa na kumnyima chakula eti jini litoke, hiyo ni dhulma.

Maradhi haya mara nyingi huanza ujanani, na anayewahi tiba huwa na matumaini makubwa zaidi. Tusiwafiche watoto wetu vyumbani kwa kuogopa maneno ya majirani.

Wabillahi tawfiq.