Mfadhili au Mwenye Amana? Maoni Kuhusu Vyuo Vikuu na Watoaji Wakubwa

1.0 Utangulizi

Katika Kata ya Sokon I, jijini Arusha, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, harusi huandaliwa na kamati. Kadi za mchango hupelekwa kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzi. Ahadi huandikwa daftarini. Mweka hazina hukumbusha wanaochelewa. Sherehe ikiisha, wajumbe hukutana tena "kuvunja kamati", yaani kusomewa mapato na matumizi, kuelezwa madeni yaliyosalia na kushukuriwa. Kamati isiyovunjwa huacha minong'ono, na aliyeiongoza hukuta milango imefungwa siku atakapoleta kadi nyingine.

Makala hii inadai kwamba utaratibu huo wa mtaani una jambo ambalo vyuo vikuu vingi havijalizingatia ipasavyo. Vyuo hujua kuomba na hujua kupokea. Udhaifu wao uko katika kipindi kinachofuata, ambapo hundi imekwisha kukabidhiwa, picha zimekwisha kupigwa, na mtoaji hasikii neno hadi andiko jingine la maombi litakapomfikia.

2.0 Tatizo la Istilahi

Sehemu ya tatizo hilo imo katika lugha. Istilahi iliyozoeleka kwa mtu au taasisi itoayo fedha nyingi ni "mfadhili". Neno hilo limejengwa juu ya dhana ya fadhila: tendo jema analotenda mwenye nacho kwa asiye nacho. Hekima ya Waswahili kuhusu uhusiano wa aina hiyo haina matumaini makubwa. Husemwa kwamba mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi. Na kwamba shukrani ya punda ni mateke. Kwa mujibu wa methali hizo, fadhila humweka mmoja juu na mwingine chini, na aliye chini hatarajiwi kutoa hesabu bali kushukuru tu. Akishindwa hata kushukuru, hakuna linaloshangaza.

Ipo istilahi nyingine. Katika sharika za Kilutheri za Arusha na Kilimanjaro neno "uwakili" limekuwa likitumika kwa muda mrefu kueleza wajibu wa mtu juu ya mali asiyoimiliki. Baada ya ibada mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa, na mapato ya Jumapili iliyopita husomwa katika matangazo, hata yawe kidogo namna gani. Katika Pwani na Visiwani, wakfu umebeba dhana iliyo karibu na hiyo: mali hubaki, matunda yake hutumika, na msimamizi hufungwa na shabaha ya mtoaji. Mapokeo yote mawili yanaiona mali iliyotolewa kuwa amana, na mpokeaji kuwa wakili wake.

3.0 Funzo la Meru

Historia ya eneo hili inatoa ushahidi ulio mzito zaidi. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wananchi walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Azimio lililowaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Kwa kipimo cha matokeo ya papo hapo, fedha za wachangiaji zilikuwa zimepotea.

Hata hivyo Kirilo Japhet hakujificha. Alirejea, akaeleza yaliyotokea, na akazunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika kuisimulia kesi hiyo. Kushindwa kulikoelezwa kwa uwazi kukawa mtaji wa mwamko wa kisiasa. Funzo kwa vyuo ni kwamba mtoaji huweza kuvumilia kushindwa. Asichovumilia ni kunyamaziwa. Utafiti ulioshindwa kufikia lengo, jengo lililochelewa, mwanafunzi aliyeacha masomo: mambo haya huelezwa kwa mtoaji mapema, kabla hajayasikia kwingine.

4.0 Watoaji wa Mbali na wa Karibu

Swali hili si la adabu tu. Mwaka 2000 mashirika ya Carnegie, Ford, MacArthur na Rockefeller yalianzisha ushirikiano wa kuvisaidia vyuo vikuu vya Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo. Ushirikiano huo ulifungwa mwaka 2010. Mwaka 2025 misaada mingi ya Marekani ilisitishwa kwa amri moja ya Januari. Chuo kinachotegemea watoaji wa mbali pekee huamka siku moja na kukuta uamuzi umekwisha kufanywa na watu wasiokifahamu.

Nao watoaji wa karibu hawaandikiwi. Mhitimu aliyefanikiwa, mfanyabiashara wa Arusha, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa: hawa husahauliwa kwa dhana kwamba ni wadogo, ilhali kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aghalabu taarifa za miradi huandikwa kwa Kiingereza, kwa mtindo unaomridhisha mkaguzi wa ng'ambo. Mzee wa ushirika aliyetoa fedha za kumsomesha kijana hana taarifa anayoweza kuisoma.

5.0 Hofu ya Kuingiliwa

Wapo watakaosema kwamba ukaribu na watoaji wakubwa huuza uhuru wa taaluma. Hofu hiyo ina msingi, maana mkono mtupu haulambwi. Lakini ukimya hauondoi hatari hiyo, huificha tu. Wakfu unaonyesha njia. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika Pwani, sharti la mtoaji huheshimiwa, lakini mali ikishawekwa wakfu hairudi mikononi mwake. Chuo nacho kinapaswa kuandika masharti kabla ya kupokea: fedha ni za kazi gani, taarifa itatolewa lini, na kwamba uteuzi wa watafiti na matokeo ya utafiti havimo katika makubaliano. Asiyekubali mpaka huo arudishiwe hundi yake kwa heshima.

6.0 Hitimisho

Idara za Kiswahili zinaweza kuanza bila kusubiri waraka wa utawala. Zinaweza kuandaa taarifa za kila mwaka kwa Kiswahili chepesi na kuwafundisha wanafunzi wa uzamili kuziandika. Zinaweza pia kupendekeza "mwenye amana" litumike katika barua na mikataba mahali pa "mfadhili". Neno jipya peke yake halitajaza hazina, lakini litamkumbusha anayeliandika kwamba ahadi ni deni, na kwamba kamati haijavunjwa mpaka hesabu isomwe.