Kolwezi: mega zinaisha, kurani inakatika, filamu zetu zikae wapi?

Shaba ya Lualaba inaenda kutengeneza waya za umeme mu inchi nyingi za dunia. Kobalti iko mu batri za telefoni na za ordinatere, na zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa kandokando ya Kolwezi. Lakini magaribi ikifika, jamaa ya hapa inayotaka kutazama filamu moja tu inapaswa kwanza kujibu maulizo mawili: kurani iko? Mega ziko?

Juu ya ile, wengi wetu tumezoea njia moja. Unapeleka flash kwa kijana mwenye ordinatere, anakutilia filamu, unalipa franka kidogo, unarudi nyumbani. Kazi hii iko Kolwezi, iko Lubumbashi, iko Bukavu na Goma. Haiko ya Kongo peke yake. Kule Kuba, kwa miaka mingi watu wananunua kila juma diski yenye kujaa filamu na vipindi, wanaiita El Paquete. Pahali intaneti iko bei kali, filamu inatembea na miguu.

Sasa vijana wengine wanataka kupita flash. Wanaweka nyumbani mashini moja yenye filamu zote, na kila telefoni ya nyumba inachota pale bila kula mega hata moja. Mashini ya namna hii inaitwa seva. Je, ni mambo ya matajiri, ao hata jamaa ya mushahara mudogo inaweza? Tufanye hesabu.

Hesabu ya mega

Filamu ya saa mbili, ukiitazama moja kwa moja ku intaneti kwa picha ya kawaida, inaweza kula karibu giga 2. Kwa picha safi sana, inaweza kufika giga 6. Tuseme nyumba moja inatazama filamu nane kwa mwezi, picha ya kawaida: ni giga 16. Kama watu watatu wanatazama kila mutu ku telefoni yake, ni giga 48. Kama giga moja unainunua dolari moja, zile ni dolari 48 kila mwezi, na mwisho wa mwezi hauna kitu mu mukono. Weka bei ya forfe yako mwenyewe, utaona.

Filamu ile ile ikiingia mara moja ku diski ya nyumba, watu watatu watatazama, jirani atatazama, na mwaka kesho itakuwa ingali pale. Diski ya tera moja inabeba karibu filamu 900 za giga moja moja. Hiyo njo tofauti: mega ni matumizi, diski ni mali.

Tena intaneti yenyewe haiko ya kutegemea. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti mu inchi yote karibu majuma tatu. Mwezi wa 8 mwaka 2023, udongo ulitelemuka chini ya bahari ku mudomo wa muto Kongo, ukakata kamba kubwa mbili za intaneti. Mwaka wa 2025 serikali ilipatia Starlink ruhusa ya kutumika, na ni jambo zuri, lakini ile sahani na malipo yake ya kila mwezi haiko mu uwezo wa kila nyumba ya Manika ao ya Dilala.

Hesabu ya kurani

Hapa njo kunaumiza zaidi. Kolwezi haiko mbali na umeme. Bwawa la Nzilo na la Nseke, yote mawili ya miaka ya 1950, yako ku muto Lualaba, karibu yetu. Laini kubwa ya kutoka Inga, karibu kilometa 1.700, inakuja kuishia hapa hapa Kolwezi. Lakini laini hiyo ilijengwa juu ya migodi, na mpaka leo migodi njo inakula umeme mwingi. Hata wao hauwatoshe, wanaagiza mwingine kupitia Zambia. Mukaaji wa kawaida anapata kinachobaki.

Kwa hiyo anayetaka seva asianze na kuuliza mashini gani iko na nguvu. Aulize mashini gani inakula kurani kidogo. Ordinatere kubwa ya mezani inaweza kula wati 100 na zaidi. Laptop ya zamani inakula karibu 25. Ruta ya wifi karibu 8. Jumla 33. Batri ya volti 12, amperi-saa 100, iko na wati-saa 1.200, lakini batri ya risasi usiikaushe kupita nusu, itakufa mbio. Inabaki 600. Ukitoa kile konvertisere inapoteza, laptop na ruta zitatumika karibu saa 15. Ukiongeza televizio ya wati 50, utapata saa sita hivi. Inatosha filamu mbili, na kesho yake pano ya jua ijaze tena, kama iko na nguvu ya kutosha.

Laptop iko na faida ingine: batri yake ya ndani. Kurani ikikatika gafula wakati diski inaandika, filamu zinaweza kuharibika, mara ingine diski yote. Batri ya laptop, hata kama inashika dakika 15 tu, inakupatia wakati wa kufunga mashini vizuri. Na kurani ikirudi, mara nyingi inarudi na nguvu ya kupita kiasi: toa fishi ku ukuta, ngojea itulie.

Kinachohitajika ni hiki: laptop moja ya okazio, diski moja ya nje, ruta moja hata isiyokuwa na intaneti, na programu ya bure kama Jellyfin. Programu inapanga filamu, na telefoni zinazoingia ku wifi ya nyumba zinaziona. Weka mashini pahali pa juu, penye hewa. Wakati wa kiangazi, vumbi nyekundu ya barabara za makamyo inaua ordinatere nyingi kuliko virusi.

Kile ambacho hakuna atakayekurudishia

Filamu ya Hollywood ikipotea, utaipata tena kwa kijana wa flash. Lakini video ya ndoa ya dada yako? Matanga ya baba? Sauti ya tate akielezea namna alikimbia vita ya Kolwezi mwaka wa 1978? Vile viko ku telefoni inayoweza kuibiwa kesho ku soko. Ndugu zetu wa Kivu wanaokimbia vita wanajua: mutu anatoka nyumbani na nguo mbili, na picha za jamaa zinabaki nyuma.

Ona jambo ingine. Vita ile ya 1978 ilifanyiwa filamu na Wafaransa, ikatoka mwaka wa 1980, na ilipigiwa picha kule Guyane, haiko hapa. Mwaka wa 2017, filamu Makala, juu ya mwanaume anayepeleka makala ya kuuzisha Kolwezi ku kinga, ilipata zawadi kubwa ya Juma la Wakosoaji kule Cannes. Ni wangapi kati yetu tumeiona? Picha za Kolwezi zinachungwa mbali. Zile tulizopiga sisi wenyewe, tusipozichunga, hakuna mwingine atazichunga.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya seva ni hii: diski moja haiko akiba. Diski inakufa siku moja, bila kubisha mulango. Video za jamaa ziwe pahali pawili, na diski ya pili ikae ku nyumba ingine, kwa shangazi ao kwa rafiki. Kama feza inatosha diski moja tu kwa sasa, anza na zile za jamaa. Filamu zitangojea.

Sheria nayo tusiisahau. Tangu tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 Kongo iko na sheria ya kulinda haki za watunzi, namba 86-033. Kutazama nyumbani na watoto ni jambo moja; kukopia kazi ya mutu na kuiuzisha, ao kulipisha watu kuingia mu sale, ni jambo ingine. Wasanii wetu wa Lualaba nao wanapiga filamu na video za miziki. Kijana wa flash akiwauzisha bila ruhusa, anakata kamba ya kisima anachokunywa.

Basi, seva haitaleta kurani, wala haitashusha bei ya mega. Hayo tutaendelea kuuliza viongozi. Lakini wakati tunangojea jibu, kile tumekwisha kupata kisipotee.