Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na aliyeshinda je?

Juzi niliingia kwenye ubishi mkali kijiweni, na nimeona niumalizie hapa, maana kule walinizidi sauti, si hoja.

Ilianza hivi. Jamaa mmoja alikuwa anaangalia kwenye simu vipande vya zamani vya Big Brother, vile washiriki wanatukanana mpaka mate yanaruka. Nikasema yule anayetukana hana tabia. Jamaa akanigeukia: "Acha ushamba, mdogo wangu. Ule ni mchezo tu." Watu wakacheka, mjadala ukafungwa.

Haya. Sasa naomba niufungue tena. Pale pale tulipokaa kuna ubao wa drafti na kete za vizibo vya soda. Na huyo huyo kaka yangu, mwezi uliopita, alimfukuza mtu kwenye ubao kwa sababu alisogeza kete wakati mwenzake amegeuka kulipa kahawa. Hakusema "ni mchezo tu". Alisema mtu wa hivyo hata ukimwachia duka atakuibia. Yaani kwenye drafti ya kahawa ya bure tunapima utu wa mtu, ila kwenye mchezo wa maelfu ya dola utu unawekwa pembeni. Kivipi?

Naomba nieleweke. Sisemi washiriki wawe malaika. Mle mjengoni kupendekeza mwenzako atoke ni kanuni. Ukimpendekeza hata rafiki yako, hujamkosea. Kupanga mbinu ni sawa na kutega kete. Ninachozungumzia ni yale ambayo kanuni hazikukulazimisha kuyafanya: kudanganya kinyume na makubaliano, kumdhalilisha mwenzako, kumcheka aliyeanguka.

Mfano mzuri ni Uingereza mwaka 2000, msimu wao wa kwanza kabisa. Washiriki walikatazwa kushawishiana nani apendekezwe. Nick Bateman akawa anaandika majina kwenye vikaratasi na kuwaonyesha wenzake kwa siri, huku kila mmoja akidhani ndiye swahiba wake. Siku mambo yalipobumburuka, Craig Phillips, fundi ujenzi kutoka Liverpool, alimweka kitako mezani mbele ya wote na kumuuliza maswali. Hakumshika shati. Nick akatolewa. Craig ndiye aliyeshinda msimu ule, na zile pauni 70,000 akazielekeza kwenye matibabu ya rafiki yake aliyehitaji kupandikizwa moyo na mapafu. Mchezo ni ule ule, nyumba ni ile ile, kamera ni zile zile. Mmoja aliona vikaratasi, mwingine akaona rafiki anayeumwa.

Wa pili ni ule wa Januari 2007, Uingereza hiyo hiyo, Big Brother ya watu maarufu. Shilpa Shetty, nyota wa filamu wa India, alisemwa na kubezwa na Jade Goody na wenzake, mpaka malalamiko zaidi ya 40,000 yakafika kwa wasimamizi wa utangazaji. Watazamaji wakampigia Jade kura ya kumtoa, asilimia 82, na Shilpa akashinda. Wengi huishia hapo wakasema haki imetendeka. Mimi napenda kilichofuata. Jade aliomba radhi hadharani, na mwaka 2008 akakubali kwenda India kuingia Bigg Boss, ambayo mtangazaji wake alikuwa Shilpa mwenyewe. Akiwa huko akapewa habari kwamba ana saratani. Alifariki Machi 2009, akiwa na miaka 27. Jamani, mkosaji alienda mpaka nyumbani kwa aliyemkosea, na aliyekosewa hakumfungia mlango. Tabia ya mtu haiishii siku anapotoka mjengoni.

Sasa turudi nyumbani, maana ya wenzetu ni rahisi kuyasema.

Mwaka 2007 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mtaani kwetu nyumba yenye dishi ilikuwa moja, tukajazana sebuleni kwa jirani siku Mtanzania Richard Bezuidenhout aliposhinda dola 100,000 kule Afrika Kusini, na kumwacha Ofunneka wa Nigeria nafasi ya pili. Wazee walirukaruka, kina mama wakapiga vigelegele. Nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Niliona raha, na sioni aibu kwa raha ile.

Lakini nimekua, na kazi yangu sasa ni kuuliza maswali. Richard aliingia mle akiwa na mke, na akawa na mapenzi ya wazi na Tatiana wa Angola mbele ya bara zima. Pia kulikuwa na usiku wa pombe uliomhusu Ofunneka, ambao picha zake zilizua malalamiko makubwa. Sijipi cheo cha hakimu. Ninachosema ni kwamba swali liliulizwa Afrika nzima, na pale sebuleni tulilijibu kwa bendera. Aliyethubutu kusema "lakini jamani..." aliambiwa si mzalendo. Nakumbuka shangazi mmoja alinyamaza kimya tangu hapo mpaka tulipotawanyika. Leo ndiyo naelewa kwa nini.

Kuna watakaosema bendera ndiyo inayoshindisha, tabia haina kazi. Si kweli, na hesabu za mchezo wenyewe zinakataa. Kura za kila nchi zilijumlishwa na kugeuzwa kura moja tu ya nchi. Watanzania wote tungetuma meseji mpaka salio liishe, bado tungekuwa na kura moja. Idris Sultan aliposhinda dola 300,000 Desemba 2014 mbele ya Tayo wa Nigeria, hakushindishwa na Dar es Salaam peke yake. Ilibidi majirani wampende, watu wasio na sababu ya kujali bendera yake. Na mwaka 2003, msimu wa kwanza, Mwisho Mwampamba wetu alishika nafasi ya pili nyuma ya Cherise Makubale wa Zambia, dada mtulivu asiye na makeke. Zambia nayo ilikuwa na kura moja tu.

Kwa hiyo mkishabikia anayetukana kwa sababu ni wa kwenu, hamumsaidii. Mnamwambia abaki hivyo, halafu wa nchi nyingine ndio wanamhukumu.

Na sisi waandishi tuna deni hapa. Mimi mwenyewe nimewahoji washiriki kadhaa wa mashindano ya aina hii, ya kuimba na ya urembo. Nimepitia daftari langu. Nimeuliza "mkakati wako ulikuwa upi?", nimeuliza "hela utafanyia nini?". Sijawahi kuuliza hata mara moja: "Uliyemshinda, mliagana vipi?" Nimeona aibu. Kuanzia sasa hilo ndilo swali langu la kwanza.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Walimwonya anayeshindwa kwa sababu ndiye anayeumia na kununa. Mimi naongeza kidogo tu: aliyeshinda naye anapimwa. Kijiweni kwetu, mzee anayeongoza kwa drafti akikufunga huwa anakupangia kete upya yeye mwenyewe, kisha anakuita mezani. Ukifungwa na mtu wa namna hiyo, kesho unarudi.

Huyo ndiye ningempigia kura, hata angekuwa na pasi ya nchi gani. Naomba kutoa hoja.